Ujumbe Unaorudi Nyuma

Jumatatu, Machi 3

Profesa amenikataza kutukana seli kwenye kumbukumbu za maabara. Nilikuwa nimeandika, "Leo zote zimekufa, hazina shukrani." Akaisoma mbele ya watu, miwani ikimning'inia puani, kisha akasema, "Binti, hasira zako zitafutie makazi mengine."

Basi haya ndiyo makazi yake.

Masika yameanza leo, kwa kishindo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa mwisho. Kazi yangu ni kukata ubongo wa panya vipande vyembamba kama ukucha, kuviweka hai ndani ya maji ya chumvi yanayopuliziwa oksijeni, kisha kuinasa seli moja kwa ncha ya mrija wa kioo na kusikiliza jirani zake wanaiambia nini. Nikiwa na bahati, kipande huishi mpaka jioni. Bahati yenyewe sijaiona tangu mwezi uliopita.

Jumatano, Machi 5

Zimekufa.

Alhamisi, Machi 6

Zimekufa. Ushahidi anasema kasoro iko kwenye maji yangu ya chumvi. Huyu ni mwenzangu wa maabara, anasomea uzamivu, na jina hilo tulimpa sisi kwa sababu mtu akifungua mdomo tu, yeye huuliza, "Ushahidi uko wapi?" Leo nikamrudishia: ushahidi kwamba ni maji uko wapi? Akaenda kuyapima. Ni maji. Nilisahau kutia sukari.

Nimechukia zaidi kuliko kama angekosea.

Jumapili, Machi 9

Chakula cha mchana kwa Mama. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunapaza sauti, na nadhani ndiyo sababu mtaa mzima ulimsikia Shangazi alipouliza, "Hivi ni kweli mtoto wetu anasomea bangi?"

Mama akaweka kijiko chini. Kaka alicheka mpaka akapaliwa.

Nikaeleza. Zamani watafiti walitaka kujua bangi humlevya mtu kwa njia gani. Wakakuta kwenye seli za ubongo kuna vipokezi vinavyoipokea, vingi ajabu. Wakajiuliza: ubongo hauna shamba, sasa vipokezi vyote hivi vinamsubiri nani? Ndipo ikajulikana kwamba ubongo hutengeneza vitu vyake wenyewe vinavyoingia kwenye vipokezi hivyohivyo. Vinaitwa endokanabinoidi.

"Kumbe sote tumelewa bila kujijua," Shangazi akasema, akajiongezea mchuzi.

Kaka hakucheka tena. Kaka ni fundi wa makochi. Hata hilo tulilokuwa tumekalia alilivisha upya yeye, kitambaa cha kijani ambacho Mama hakukipenda na sasa hataki mtu akimwagie chai. Alikuwa ameacha kula.

"Hivyo vya ndani vinafanya nini hasa?" akaniuliza.

"Chukua seli mbili. Ya kwanza inatuma, ya pili inapokea. Katikati kuna upenyo mdogo sana, hapo ndipo tunapaita sinapsi. Kwa kawaida ujumbe unakwenda upande mmoja tu."

"Kutoka kwa anayetuma."

"Ndiyo. Sasa huyu anayepokea akichochewa sana, anatengeneza mafuta fulani kutoka kwenye utando wake mwenyewe, papo hapo, wala haweki akiba. Yale mafuta yanarudi nyuma, yanavuka upenyo, yanamwambia mtumaji: punguza."

"Na mtumaji anapunguza?"

"Anapunguza. Kwa muda mfupi. Kisha vimeng'enya vinayala yale mafuta, na mazungumzo yanaendelea."

Kaka akatazama sahani yake. "Kwa hiyo ni breki."

"Ndiyo," nikasema, nimejaa fahari. "Breki ya ubongo."

"Na mtu ambaye breki zake hazishiki?"

Hakuna aliyeuliza mtu huyo ni nani. Kaka ana kifafa tangu utotoni. Anameza vidonge asubuhi na jioni, na hajaanguka tangu nikiwa sekondari.

"Mtu huyo ana vidonge vyake," Mama akasema, akainuka kukusanya sahani ambazo hatukuwa tumemaliza.

Jumanne, Machi 11

Kaka amenipigia simu nikiwa kazini. Alitaka kujua yale mafuta ya ubongo yanadumu kwa muda gani. Nikamwambia, kazi yake inakwisha ndani ya nusu dakika au zaidi kidogo.

"Na ya kwenye mmea?"

"Ah, hayo yanakaa. Saa nyingi."

"Aa," akasema.

Nimekuwa na furaha siku nzima. Katika familia yetu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la pili.

Ijumaa, Machi 14

Umeme umekatika mara mbili. Panya wamepona. Mimi sina hakika.

Jumanne, Machi 18

Imeishi!

Niliinasa kabla ya saa sita mchana, ikatulia kama iliyokuwa inanisubiri. Kwenye skrini ishara za jirani zake zikawa zinashuka moja baada ya nyingine, nyingine ndefu, nyingine fupi, bila kukoma. Nikaipa seli yangu umeme kwa sekunde chache, kuichochea. Kisha nikaangalia.

Jirani zake walinyamaza. Si kabisa; mmoja mmoja alibaki akinong'ona. Lakini ule mfululizo ulikatika. Nikangoja mikono ikiwa mapajani, naogopa hata kuigusa meza. Polepole wakaanza tena, mpaka wakarudi kama mwanzo.

Hao jirani sikuwagusa. Niliyemgusa ni yule anayewasikiliza tu. Basi ni yeye aliyewaambia. Jambo hili nimelisoma vitabuni miaka mitatu, nimelijibia mtihani, na leo ndipo nimegundua kwamba sikuwa nimeliamini.

Nikapiga kelele. Ushahidi akaja mbio, akaitazama skrini kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Nzuri," akasema. "Ushahidi kwamba ni endokanabinoidi uko wapi?"

"Wewe mtu!"

"Huenda seli yako imechoka tu. Tia dawa inayoziba kipokezi. Kama kimya kitatokea hata mlango ukiwa umezibwa, basi si mafuta yako yanayonyamazisha."

Yuko sahihi, na ndiyo maana nilitamani kumfungia kwenye jokofu la kemikali. Kabla sijachanganya hiyo dawa, kipande kikafa.

Jumapili, Machi 23

Kaka amemleta mchumba wake. Anafundisha shule ya chekechea na sisi sote tumeshamwita Mwalimu. Anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Wakati wa kuosha vyombo aliimba wimbo wa siku za juma pasipo kukusudia, kama mtu anayejikuna bila kujua. Nimempenda, lakini nikajisemea, huyu ni mwepesi kama pamba, maisha yatampeperusha.

Nyuma ya nyumba Kaka akanishika mkono.

"Hajui," akasema. "Usije ukateleza."

"Kaka, unaoa mwezi wa nane."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Nikiwa na jambo zuri la kumwambia."

Nikamwambia vidonge vinafanya kazi, hilo ni jambo zuri tayari. Akatikisa kichwa. "Hujawahi kuvimeza wewe. Nikivimeza, kichwa kinakuwa sponji iliyolowa. Mteja anazungumza nami, namsikia kesho yake."

Mwalimu alikuwa anatuita ndani, mvua imeanza tena.

Alhamisi, Machi 27

Mvua. Zimekufa.

Jumatano, Aprili 2

Mvua ilinikamata karibu na karakana ya Kaka, nikaingia kujihifadhi. Sijamwona hivyo miaka mingi. Bunduki ya pini ilikuwa inalia tatata bila kupumzika, ameshavisha viti viwili tangu asubuhi, na anapiga mluzi. Alinitania kuhusu viatu vyangu. Alikumbuka jina la Ushahidi na akaniuliza kama nimeshamfungia kwenye jokofu.

"Kichwa chepesi siku hizi," akasema.

Mapenzi, nikawaza. Nimetembea mpaka nyumbani nikitabasamu chini ya mwavuli.

Jumatatu, Aprili 7

Profesa amenifanyisha mazoezi ya mhadhara wangu wa mwezi ujao. Nilipofika kwenye picha ya tatu, iliyoandikwa "Breki ya Ubongo", akainua mkono.

"Breki ya nani?"

"Ya ubongo, Profesa. Seli inayopokea inamtuliza mtumaji."

"Watumaji unaorekodi wewe kazi yao ni nini?"

"Ni wale wa kutuliza. Wakituma ujumbe, seli inayopokea inapungua kasi."

"Basi mafuta yako yakiwafikia hao, nani amenyamazishwa?"

"Mtulizaji."

"Na seli yako?"

"Inachangamka zaidi."

"Kwenye sinapsi nyingine mafuta hayohayo yanamnyamazisha mchochezi, na matokeo yanakuwa kinyume. Unajua hayo?"

"Najua, Profesa."

"Kama unajua, kwa nini umeandika breki?"

Kwa sababu ni neno tamu. Kwa sababu mezani kwa Mama lilieleweka. Sikumjibu hivyo, nilisema nitalibadilisha. Lakini njiani lilinikera. Nilikuwa nimempa Kaka nusu ya jambo, ile nusu inayopendeza. Nitamsahihishia Jumapili.

Jumapili, Aprili 13

Maji yamekata barabara ya kwa Mama. Sikwenda. Lile neno si la haraka.

Ijumaa, Aprili 18

Naandika ya jana.

Nilikuwa na seli nzuri kuliko zote za msimu huu. Kimya kilikuwa kimejitokeza mara kadhaa, safi, na dawa ya kuziba kipokezi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kupita kwenye mrija wa mpira kuelekea kwenye kipande. Simu ikalia. Kaka. Nikaiacha. Ikalia tena. Nikaipokea nikiwa tayari kugomba.

Alikuwa Mwalimu.

"Dada, kaanguka. Yuko chini hapa karakana, anatetemeka, haachi. Dada, haachi!"

Nyuma yake nilisikia watu wengi, kila mmoja na amri yake. Nikamwambia: mgeuze ubavu, ondoa vyuma na viti karibu naye, kitu laini chini ya kichwa, usimtie kitu mdomoni.

"Wameshamtia kijiko," akasema. "Kuna damu."

"Kitoe ukiweza. Usiingize vidole. Itisha gari, sasa hivi."

Niligeuka, Ushahidi alikuwa amesimama mlangoni. Sijui uso wangu ulikuwaje. Hakuniuliza ushahidi wa chochote. Akavuta kiti changu, akakaa mbele ya hadubini.

"Nenda," akasema. "Hii nitaishika mimi."

Nilifika hospitali kabla yao. Walipomshusha alikuwa ametulia, nikashukuru, na palepale mlangoni akaanza tena. Mwili wake ukakakamaa, macho yakapinduka, na ile sauti ikamtoka ambayo nilidhani nimeisahau. Wakamkimbiza ndani na kumchoma sindano ya mshipa. Tulisimama nje ya pazia tukiona miguu yake tu, soksi moja imechomoka, ikitikisika, ikitikisika, kisha ikapungua, kisha ikalala.

Daktari akatoka. Alikuwa kijana, sauti yake ya chini. "Anatumia dawa gani?"

Nikamtajia. Nikahisi Mwalimu amenigeukia.

"Dawa za nini?" akauliza.

Nilitafuta njia nyepesi ya kulisema, sikuipata. "Za kifafa. Anacho tangu utotoni."

Hakulia. Alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa, kimelowa damu, ndicho alichomwekea Kaka kichwani. Akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye benchi kama kitu cha mtu mwingine.

"Nimekaa naye chini, kichwa chake kimo mapajani mwangu, nikidhani anakufa," akasema. "Ninyi nyote mlikuwa mnajua."

Akatoka. Mvua ilikuwa nzito, hakuwa na mwavuli. Nikabaki nimeshikilia pazia.

Daktari alitaka kuona dawa zenyewe, nikaenda chumbani kwa Kaka kuzichukua. Nilifungua droo. Pakiti zilikuwemo zote, zimepangwa vizuri, hazijafunguliwa. Dawa ya mwezi mzima na zaidi. Kando yake kulikuwa na chupa ndogo ya matone, mafuta ya manjano, karatasi yake imechorwa jani, na chini ya jani neno moja: Tuliza.

Nilikaa kitandani kwake. Niliyakumbuka maswali yake yote, moja moja, kwa mpangilio. Halikuwapo hata moja lililokuwa la kunifurahisha mimi.

Jumamosi, Aprili 19

Ameamka vizuri leo. Jino la mbele limekatika nusu kwa sababu ya kijiko, na ulimi umevimba, anaongea kama mtu aliyeweka pamba mdomoni.

Daktari alimweleza mbele yangu. Kwamba kuacha vidonge ghafla kunaweza kuleta mashambulio makali kuliko yale ya zamani. Kwamba iko dawa iliyotokana na mmea ule, imepimwa, na hutumika kwa aina chache za kifafa, tena mara nyingi pamoja na dawa nyingine na chini ya uangalizi. "Lakini hicho kilichomo kwenye chupa yako," akasema, "mimi sikijui, wewe hukijui, na aliyekuuzia sidhani kama anakijua."

Alipoondoka, Kaka akageuza uso ukutani.

"Ulisema ni breki."

"Nilisema."

"Ulisema ya ubongo inaisha upesi, ya mmea inakaa. Nikaona, basi nichukue inayokaa."

Nikamweleza upya, safari hii yote. Kwamba ubongo hautengenezi yale mafuta na kuyamwaga kila mahali. Unayatoa kwenye sinapsi ile iliyoyahitaji, kwa kitambo, kisha unayafuta. Kwamba anayeambiwa anyamaze si mmoja: mara ni yule anayechochea, mara ni yule anayetuliza, na akinyamazishwa mtulizaji, seli inachangamka badala ya kupoa. Kwamba ukileta kitu cha nje kinachoingia kila kipokezi kwa pamoja na kukaa humo saa nyingi, hicho si kile ubongo unachokifanya, hata kama vinatumia mlango mmoja. Na kwamba mimi, kwa elimu yangu yote, sijui ndani ya kichwa chake kingefanya nini.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukusema hivi siku ile?"

"Ingekuwa ndefu."

"Mimi nilikuwa na muda," akasema.

Jumapili, Aprili 20

Nilimwambia Mama kila kitu, nikitarajia anigombeze. Alikuwa anakunja mashuka. Akanipa ncha mbili nishike, tukalikunja pamoja.

"Wewe na kaka yako mmefanana," akasema. "Jambo mpaka liwe zuri ndiyo mlitoe mdomoni."

Tukakunja na la pili.

Jumanne, Aprili 22

Nimerudi maabara. Nilidhani nitakuta seli ya Alhamisi imetupwa na data zake. Nimekuta faili. Ushahidi alikaa na ile seli mpaka ikafa yenyewe. Dawa ya kuziba ilipofika, nilichokuwa nakiona mimi kikatoweka: umeme uleule, sekunde zilezile, na jirani hawakunyamaza hata kidogo. Waliendelea kama hawakuambiwa kitu. Kwa hiyo ujumbe unapita kwenye mlango ule kweli.

Kisha amerudia kwenye seli nyingine, siku zilizofuata, sikukuu na mvua zikiwa juu yake. Kwenye kila faili, mahali pa jina la mtafiti, ameandika langu.

"Moja haitoshi," akasema nilipomuuliza kwa nini. Kisha, "Kaka yako anaendeleaje?"

Nikaanza kulia hapo hapo kwenye meza ya hadubini. Akahangaika, akatafuta cha kunipa, akaniletea karatasi za kusafishia lenzi, ambazo ni ghali na hazifyonzi kitu.

"Usilowanishe vifaa," akasema kwa upole sana.

Miaka miwili nimekaa na mtu huyu nikidhani hanipendi. Kumbe alikuwa anaitendea kazi yangu kama kitu kinachofaa kusimama chenyewe.

Ijumaa, Aprili 25

Kaka katoka hospitali. Mwalimu hajapiga simu. Shangazi ametaka kwenda kwao "kuyamaliza", Mama akamzuia kwa kumshika gauni, kihalisi.

Jumatatu, Aprili 28

Mwalimu amekuja maabara. Alisimama mlangoni, mwavuli ukichuruzika kwenye sakafu, hacheki.

"Sijaenda kwake," akasema. "Nimekuja kwako. Yeye atanipambia maneno."

"Hata mimi nilipamba."

"Najua. Amenitumia ujumbe, ameeleza. Ndiyo maana leo hutapamba."

Tukakaa kwenye korido. Akauliza, mimi nikajibu. Anaweza kuanguka tena? Anaweza. Akimeza dawa? Uwezekano unapungua sana, hauishi. Anaweza kumbeba mtoto? Watu wengi wenye kifafa wanalea watoto wao. Kuna tahadhari za kuchukua, na tutamuuliza daktari. Watoto watazaliwa nacho? Hapo nikasema sijui kuhusu aina yake, tumuulize daktari. Tulifika kwenye "sijui" mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kila jibu alilirudia kwa sauti, polepole, kama anavyowafanya watoto wake darasani, mpaka akawa nalo.

"Kilichoniuma si ugonjwa," akasema mwishoni. "Watu kumi na mbili walikuwa pale wakimshika vibaya, na mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia waache. Mliniweka pale mikono mitupu."

Nikaomba radhi. Sikuongeza sababu.

Alipoinuka nikasema, "Asante kwa kuja, wifi," likanitoka tu.

"Bado," akasema. Lakini alifunika mdomo kwa kiganja.

Pamba! Mimi nilimwona huyu ni pamba.

Alhamisi, Mei 8

Mhadhara umepita. Picha ya tatu haina kichwa cha habari tena, ina mchoro tu: seli, upenyo, mshale unaorudi. Mtu wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo ni breki au ni mafuta ya gari?" Watu wakacheka.

"Inategemea ni nani anayeambiwa anyamaze," nikasema.

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa anayemjua, hizo ni pongezi.

Jumatatu, Mei 12

Kaka anasema sponji imerudi kichwani. Safari hii amemwambia daktari badala ya kumwambia muuzaji wa zile chupa za matone. Wanambadilishia dawa pole pole, moja ikipanda nyingine ikishuka. Ana hasira za mchana, usingizi wa jioni. Ametoboa kiti cha mteja kwa pini. Mwalimu hukaa naye karakana baada ya shule. Sijui wanaongea nini. Sijauliza.

Jumapili, Mei 18

Leo amekuja baba yake Mwalimu.

Ni karani mstaafu wa mahakama, mrefu, koti la kijivu limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata. Kila neno lake analitoa kama anasoma hukumu. Alikataa chai kwanza. Alikaa kwenye kochi la kijani bila kuegemea. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu, tulisikiana vizuri, na ingekuwa heri tusingesikiana.

"Binti yangu amenieleza," akasema. "Nimekuja kusikia kwa wenyewe." Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye msomi wa ubongo. Sitaki hotuba. Nataka neno moja. Amepona?"

Chumba kizima kikanitazama. Mama, Shangazi, Mwalimu aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Na Kaka. Kaka alikuwa ananitazama kwa namna ambayo kama ningesema ndiyo, angenisamehe maisha yake yote.

"Hapana, mzee," nikasema. "Hajapona. Akimeza dawa zake huenda akakaa miaka mingi bila kuanguka, kama alivyokaa huko nyuma. Na huenda akaanguka wiki ijayo. Sijui ipi kati ya hizo. Daktari naye hajui."

"Huenda," akasema, kama amekuta kitu kwenye chai. "Mahakamani, huenda si jibu."

"Hapa si mahakamani, baba," Shangazi akasema. Mama akamkanyaga.

Mzee hakukasirika. Aliangalia mikono yake. Nilipomtazama vizuri niliona inanyoosha mkunjo wa koti ambao tayari ulikuwa umenyooka, na nikafahamu kwamba hakuja kuhukumu. Alikuwa na hofu, na hakuwa na nguo nyingine ya kuivika hofu yake.

"Basi niambieni hili," akasema, sauti imeshuka. "Siku anaanguka, wako wawili tu ndani ya nyumba. Binti yangu afanye nini?"

Nilifungua mdomo. Kaka akaniwahi. Akainuka, akafungua kifungo cha juu cha shati lake jeupe alilolinunua kwa ajili ya leo, akasogeza meza, akalala chini kwenye zulia. Chali, mikono pembeni.

"Binti yako anajua tayari," akasema akiangalia dari. "Njoo wewe, baba."

"Mimi?"

"Nikianguka kwako je? Sikukuu, nimekuja kuwasalimia?"

Mzee alimtazama mtu huyu mzima aliyelala miguuni pake. Kisha akashuka, magoti yakalia yote mawili.

"Shika bega," Kaka akasema, amefumba macho. "Na goti langu. Hapo. Sasa nivute ubavu, kuelekea kwako. Taratibu, mimi si kabati."

Mwalimu akacheka, akajizuia.

"Kitu laini chini ya kichwa."

Mzee akatafuta kwa macho, hakuona mto karibu. Akavua koti lake. Akalikunja kwa kufuata mikunjo yake ileile, akaliingiza chini ya kichwa cha Kaka, akakigusa kichwa chenyewe kana kwamba ndani yake mna maji yaliyojaa mpaka ukingoni.

"Mdomoni usitie kitu."

"Sitii."

"Angalia saa. Zikipita dakika tano sijaacha, au nikianza tena kabla sijaamka, ita gari."

Mzee akaiangalia saa yake kwelikweli, mkono ameunyoosha kwenye mwanga wa dirisha. Mama alikuwa ameshika ncha ya kanga mdomoni. Nje matone ya mwisho yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye bati, moja moja.

"Na baada ya hapo?" akauliza.

"Baada ya hapo hakuna cha kufanya. Unakaa nami."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirudi."

Mzee akafikiri. Kisha akaacha kupiga magoti, akakaa chini kabisa, miguu yake mirefu ameikunja vibaya kama mtu ambaye hajakaa sakafuni tangu utoto, na mkono mmoja akauacha pale pale begani kwa Kaka.

"Haya," akasema. "Nipo."